Busu Lililozimuliwa

Mamlaka ya Uzimuaji wa Dawa ina furaha kuutangazia umma kwamba malengelenge ya midomo, yale yanayoletwa na virusi vya hepesi, yamekwisha Kawangware, na Kibera yalipangiwa kwisha Ijumaa iliyopita saa kumi jioni. Mimi ni Katibu Msaidizi wa Mamlaka. Hiyo saa kumi niliichagua mwenyewe.

Dawa yetu ni chumvi, hii hii ya mboga. Tone moja la maji ya chumvi hutiwa katika matone mia ya maji safi, yakatikiswa. Kisha tone la hayo hutiwa katika mia nyingine, yakatikiswa, na hivyo mara thelathini, mpaka chumvi yote iwe imeondoka na nguvu zake zimebaki. Muuza maziwa mmoja wa Kisumu Ndogo aliomba kazi kwetu, akidai ana uzoefu wa miaka kumi na miwili. Tulimkataa kwa kukosa cheti.

Matokeo ya Kawangware yanaridhisha. Waliokunywa dawa walipona ndani ya siku kumi. Wasiokunywa pia walipona ndani ya siku kumi, jambo linaloonyesha jinsi dawa inavyosambaa. Waliorudiwa na malengelenge tuliwasajili kama wagonjwa wapya, wakapona tena, na idadi ya waliopona ikazidi idadi ya waliougua.

Uzinduzi wa Kibera ulifanyika Alhamisi, Soweto West. Mkurugenzi wetu, Daktari Kagiri, ambaye udaktari wake ni wa heshima, alipangiwa kupigwa picha akimbusu mtoto mchanga. Kulikuwa na suala dogo. Mdomo wake wa chini ulikuwa na lengelenge kubwa kama punje ya mahindi, limepasuka na linatoa maji. Lakini alikuwa akinywa dawa tangu Jumatatu, na fomu yake ya kupona nilikwisha kuigonga muhuri. Kwa hiyo lengelenge lilikuwepo, ila halikuwa na hadhi yoyote kisheria.

Mtoto aliyeteuliwa alikuwa wa Nanyama, fundi wa nguo wa hapo hapo, naye alikuwa na umri wa siku tisa. Tulimteua kwa sababu kadi yake ya kliniki ilikuwa imekwama ofisini kwangu, na mama anayengoja kadi huja popote anapoitwa. Kadi nilikuwa nayo mfukoni. Ingetolewa baada ya picha. Bila kadi, hakuna kupimwa wala kuchanjwa.

Nanyama alimtazama Mkurugenzi mdomoni, akamfunika mtoto uso.

"Boss, hiyo kitu iko kwa mdomo yako haitagusa mtoi wangu."

Akaeleza kwamba Sista Kavetsa, nesi wa zahanati iliyo nyuma ya kanisa, amemwambia kidonda cha namna hiyo kwa mtu mzima ni aibu ya wiki moja, lakini kwa mtoto mchanga kinaweza kupanda hadi kwenye ubongo na kumuua. Nilimjulisha kwamba maelezo hayo, ingawa ni sahihi, hayakupitia ofisi yangu.

"Mama, mimi nilipona," alisema Mkurugenzi. "Fomu iko."

"Basi busu fomu."

Watu wakacheka. Mkurugenzi akanionyesha mfuko wangu kwa kidole, nami nikaitoa kadi nusu, ili ionekane. Nanyama aliitazama. Sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayepatana bei.

"Sawa. Lakini si mlisema kitu ikipunguzwa ndio inakuwa na nguvu?"

Mkurugenzi alithibitisha, mbele ya kamera, kwamba huo ndio msingi wa sayansi yetu.

"Sasa busu ya hapa karibu si ni mbichi? Haina nguvu. Enda nayo mbali. Unaona hizo gorofa za Nyayo Highrise? Busu ukiwa pale juu. Mtoi atapata yenyewe."

Nilipekua kanuni. Kanuni ya Nne inasema kila kinachopunguzwa huongezeka nguvu, na haikuacha busu nje. Kumkatalia Nanyama kungekuwa kuikataa Mamlaka. Nusu saa baadaye Mkurugenzi alisimama kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, Nyayo Highrise, akaielekeza midomo yake kwenye mabati ya Soweto West, akabusu. Huku chini mtu akapendekeza arudi nyuma kidogo, akisema busu bado ni bichi. Utaratibu ukawa umetimia, nami nikaitoa kadi.

Ijumaa, saa kumi kamili, malengelenge yalipokwisha rasmi Kibera, Mkurugenzi alikuwa kwenye foleni ya zahanati ya Sista Kavetsa, amevaa barakoa. Mbele yake alikaa Nanyama, kadi mkononi, amemleta mtoto kupimwa uzito. Mkurugenzi akasogea mezani, akamnong'oneza nesi kwamba anahitaji vile vidonge vya kupambana na virusi. Kavetsa akavimimina mezani.

"Daktari, unachukua hivi vilivyo, ama nikuongezee nguvu na maji?"

"Mpatie moja tu, Sista," Nanyama alisema bila kugeuka. "Hizo zingine ziache hapa. Zitamfikia."

Mkurugenzi alivua barakoa ili asikike vizuri.

"Vyote," alisema. "Na visitikiswe."

Ziara hiyo imo katika ripoti yangu, ukurasa wa thelathini. Kwa mujibu wa Kanuni ya Nne, ukurasa huo hauna maandishi.