Kitufe cha Funga Zote

Jumanne, 3 Juni

Nimehesabu. Programu arobaini na moja ziko wazi kwenye kompyuta ya Babu! Haijazimwa tangu nikiwa darasa la sita, huwa anailaza tu. Vikokotoo peke yake kumi na kimoja, kila kimoja na jibu lake, na barua tele ambazo hajazimaliza. Babu alikuwa karani wa kupiga chapa. Anasema kazini kwao karatasi haikutoka kwenye mashine kabla ya nukta ya mwisho.

Yuko kwa shangazi, ametolewa mtoto wa jicho. Anarudi Jumamosi. Kaniachia kompyuta kwa sharti moja: nisifunge kitu.

Lakini Ijumaa kila anayetaka kuingia klabu ya kompyuta lazima aonyeshe programu aliyoandika mwenyewe. Na mashine hii, ukiandika herufi, unakwenda kuoga, unarudi, ndiyo inatokea. Binamu yangu, Injinia kama anavyojiita, ameshamaliza yake. Kaniuliza mbele ya mama kama mimi nitaonyesha aibu zangu. Mama kacheka! Mama mzazi!

Mpango: kitufe kimoja kinachohifadhi kila kitu, halafu kinafunga zote kwa mpigo. Napata mashine nyepesi na programu ya kuonyesha. Nina akili mno.

Jumatano, 4 Juni

Nimeandika nusu. Programu naziandika kwa lugha ya shuleni, aibu naziandika humu kwa lugha ya nyumbani.

Chini kabisa ya madirisha nimekuta mchezo wa drafti. Yetu! Imeandikwa: ZAMU YA MUME MWENZA. Ndivyo Babu alivyokuwa akiniita, kwa kuwa marehemu Bibi alinitambulisha kwa wageni kama mumewe mdogo. Mwanzoni nilikalia mito miwili ili nifikie meza. Babu alinukia dawa ya kuchua. Nikila kete yake anapiga yowe kama ameibiwa. Siku ya mchezo huu niliinuka kunywa maji. Sikurudi. Baadaye nikabalehe, sauti ikaanza kukwaruza, nikaacha kuongea na watu, hata yeye.

Hakuifunga. Miaka yote hiyo ni zamu yangu.

Na nimeona nafasi ya kula kete mbili! Nitacheza nikimaliza kitufe.

Alhamisi, 5 Juni

Kitufe kimekamilika. Nikakijaribu.

Zote arobaini na moja, pwaa! Kompyuta inaruka kama swala. Nimecheza ngoma peke yangu chumbani.

Kisha nikakumbuka. Drafti haihifadhiki.

Barua zake je? Zimehifadhiwa, ndiyo. Zote kwa jina moja, “Babu”, kila moja ikiifuta iliyotangulia. Imebaki ya mwisho tu. Inasema: nunua balbu.

Ijumaa, 6 Juni

Zamu yangu ikafika mbele ya darasa. Nilibonyeza kwenye kompyuta ya mwalimu. Kikafunga kila kitu, pamoja na mtihani aliokuwa akiutunga tangu asubuhi. Mahali pake palikuwa na faili moja, jina lake “Babu”. Mwalimu aliuliza kwa upole Babu ni nani. Injinia alijibu kwa niaba yangu, kwa kirefu.

Klabu sikuingia.

Jumamosi, 7 Juni

Babu karudi, jicho limefunikwa. Sikuweza kumwambia usoni. Nikamwandikia maungamo, nikayaacha wazi kwenye kompyuta, nikajificha nyuma ya mlango.

Alisoma kwa jicho moja, polepole. Akauliza mlango kama drafti nayo imekwenda. Nikasema imekwenda. Barua akasema zitaandikika tena, na wengi wa aliokuwa akiwaandikia wameshakufa. Hapo ndipo nilipoumia.

Akafungua drafti mpya. Akacheza pande zote mbili, wake na wangu, bila kusita, hatua baada ya hatua, mpaka kete zikakaa palepale. Kila asubuhi alikuwa akiitazama, anasema, kabla ya chai. Akanivutia kiti.

“Haya, mume mwenza. Maji umeshakunywa?”

Jumapili, 8 Juni

Jana sikucheza, machozi yalinizuia kuona. Leo nacheza. Nakula mbili, huenda tatu.

Ila usiku nimepata wazo: kitufe cha FUNGUA ZOTE! Kinamrudishia Babu madirisha yake arobaini na moja kwa mpigo. Atafurahi kupita kiasi. Injinia atakoma. Kimeshakamilika.

Babu ananiita kutoka kwenye meza ya kompyuta, eti kete zinaota kutu. Nimemwambia asiguse kitu, dakika moja tu.

Nimefika, nabonyeza.

Kompyuta imeganda.