Gari Lililopelekwa Mgeta Kujazwa Baridi

Kobelo alikuwa hajamaliza chai yake pale stendi ya Msamvu aliposikia Meneja Charles akimgombeza fundi. Akaiacha chai. Mtu anayegombeza fundi hadharani ni mtu aliyekwisha kata tamaa, na Kobelo aliishi kwa tamaa za watu na kukata tamaa kwao.

Ugomvi ulikuwa juu ya kiyoyozi. Shirika la umma lilimpa Meneja gari jipya kutoka Ulaya, na katika jua la Februari kiyoyozi chake kilipuliza vuguvugu kama mama anayepoza uji. Ijumaa Mkurugenzi Mkuu angekuja kutoka Dar. Meneja alikuwa anawinda cheo, na alishaahidi kumpokea kwa gari lenye ubaridi wa Ulaya.

Kobelo akatia kichwa ndani, akanusa. "Hakijaharibika, Ndugu Meneja. Kimeishiwa baridi."

"Baridi nayo huisha?"

"Petroli si huisha? Kwao Ulaya kinavuta barafu. Hapa kinavuta joto la Msamvu, kinakurudishia joto la Msamvu. Chenyewe ni chaminifu."

Meneja alikuwa na stashahada mbili, na zote mbili hazikusema baridi inatoka wapi. Mpaka adhuhuri alikuwa ameshakubali gari likalale Mgeta, juu Uluguru, siku tatu, likavute baridi boneti wazi. Akajaza tangi, akaandika barua yenye nembo ya ofisi: Ndugu Kobelo ametumwa mlimani kujaza baridi, asisumbuliwe.

Kobelo hakutaka baridi. Alitaka gari. Siku tatu za kuteremsha kabichi sokoni kwa petroli ya umma zilimtosha kabisa. Hatari ilikuwa moja: uongo ukifika kwa Meneja, yeye anafika Kingolwira, kwenye shamba la magereza. Huko alishakaa miezi minane, na alikuwa ameapa kwamba hawamwoni tena.

Hakuwa amepakia hata kabichi kumi pale Mgeta alipotokea mama mmoja, khanga kiunoni, kalamu nywelani. Alikuwa Scholastika, katibu wa kijiji na mtunza muhuri. Alikuwa na watoto saba, na macho ya mtu anayejua nani kalamba sukari. Kobelo akatoa shikamoo ya heshima zote. Aliitikiwa, kisha akaulizwa gari la umma linafanya nini na kabichi kwenye kiti cha nyuma. Kabichi, alisema, ni za kushikilia ubaridi. Akatoa na barua.

Scholastika aliisoma mara mbili. Hakucheka.

"Baridi ya wapi hii, mwanangu?"

"Ya hapa hapa, mama. Ya mlimani."

"Mlima wa nani?"

Kobelo aliliona shimo, lakini mguu ulishatangulia. "Wa kijiji."

"Basi hayo ni mazao ya kijiji. Kahawa haitoki hapa bila kibali. Baridi itatokaje?"

Halmashauri ya kijiji ilikaa mchana uleule. Wazee walibishana kwa utulivu mkubwa kama baridi ni ya kitongoji cha juu inakozaliwa au cha chini inakopita alfajiri, wakaafikiana kuwa ni ya wote. Mgeni atailipia kwa jembe, kwenye shamba la kijiji. Na kwa kuwa gari halipaswi kukaa bure, litapeleka mjini kabichi za kijiji, likiendeshwa na kaka yake Scholastika, dereva mstaafu wa lori.

Kobelo akasema gari likiwa mbio mjini haliwezi kujaa baridi. Scholastika akamwuliza kwa upole kama amtume mtu kwa Ndugu Meneja, akaeleze vizuri inavyojazwa. Kobelo akaomba jembe.

Siku tatu alilima kwenye mteremko ambao hata mbuzi angeupanda kwa kushauriana. Ijumaa alfajiri alirudishiwa gari likiwa na petroli ya kuteremkia tu, pamoja na barua yenye muhuri: "Baridi imejazwa, madebe arobaini. Inafaa kwa viongozi."

Mkurugenzi Mkuu alipokewa stesheni. Meneja alikaa naye nyuma, Kobelo, kama mtaalamu wa baridi, mbele kando ya dereva wa ofisi, na kiyoyozi kikawapulizia vuguvugu lenye harufu ya kabichi. Kobelo akaanza kujiandaa kwa Kingolwira. Mkurugenzi alifuta jasho shingoni, akaisoma barua ya kijiji, akautazama muhuri kwa muda mrefu. Mtu aliyepanda ngazi kwa mihuri hawezi kuanza kubishana nayo uzeeni.

"Naisikia," alisema.

"Mimi imenifika mgongoni, mzee," alisema Meneja, akichuruzika.

Makao makuu, Mkurugenzi akaeleza, yana magari kumi na moja yenye ugonjwa huohuo. Chini ya barua Scholastika alikuwa ameongeza kwamba kijiji hakitampokea mjazaji mwingine ila Ndugu Kobelo, wala hakitampokea bila jembe lake. Mkurugenzi akatoa kalamu, akaidhinisha palepale: gari moja kila wiki, kuanzia Jumatatu.

Kobelo alifungua mdomo aseme baridi haijazwi. Akakumbuka ni nani aliyesema inajazwa.

"Jumatatu nitakuwa njiani, mzee," alisema. Aliomba jambo moja tu, ateremshe kioo kidogo apate hewa.

Meneja akamkatalia. Baridi ingetoka.