Kocha Uliyeniletea Kambini

Kambi ya Wakata Mkonge,
Mwatate, Taita Taveta.

Kwa mwanangu Wanza,

KUH: OMBI LA KUMWONDOA KOCHA FESTUS

Natumaini hujambo na kazi haijakulemea. Nakuandikia barua yenye kichwa kama ya ofisi kwa sababu haya nikikueleza kwa simu unacheka.

Tangu Krismasi, nilipokuwa nyumbani Mwingi nikashindwa kuinuka kwenye kigoda ili nimbebe mjukuu wangu Shanice, umeamua kwamba baba yako ameisha. Ukanitafutia kocha wa mazoezi, kijana wa Werugha anayefundisha jim pale Voi. Mwanangu, mimi ni mkata mkonge. Kuniletea kocha ni kumletea punda mtu wa kumfundisha kubeba.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kocha huyu hunibebesha mitungi miwili ya mchanga kutoka mlangoni hadi kwenye ua, kisha huniambia niirudishe nilikoitoa. Nyapara wetu Ngui hana huruma hata chembe, lakini mzigo wa Ngui huwa unaenda mahali. Jirani yangu Margaret aliponiona akasema, "Baba Wanza, kama ni kubeba unapenda, mitungi yangu iko pale bombani." Nikambebea. Sasa ndiyo imekuwa kazi yangu, na Festus amefurahi, anasema hayo pia ni mazoezi.

2. Siku moja alinilaza kwenye mkeka nje, akaushika mguu wangu na kuusukuma kuelekea kifuani. Mzee Donald wa kanisa akapita, akadhani nimeanguka. Kabla sijasema neno kambi nzima ilikuwa imenizunguka, mikono juu ya kichwa changu, wakiniombea kwa Kidawida, lugha ya Wataita, nami ni Mkamba. Uji ukaletwa. Niliunywa, maana uji wa mgonjwa haukataliwi. Festus naye alifumba macho, akaitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha watu walipoondoka akaniambia tumebakisha mguu wa kushoto.

3. Hutaka nisimame kwa mguu mmoja nikiwa nimefumba macho, ati wazee huvunjika nyonga kwa kukosa kusimama imara. Huku kwetu ndovu hupita nyuma ya choo.

4. Ngui alinikuta jioni nikichuchumaa na kuinuka. Hapa shambani sheria ni ya zamani: aliyebaki na nguvu jioni hakupewa kazi ya kutosha asubuhi. Akaniongezea mistari ya mkonge. Nikamweleza kwamba mimi naugua uzee na hii ndiyo dawa yake. Akasema, "Mzee, wagonjwa hulala."

5. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilimwuliza Festus kwa nini mtu anayeinama na panga kutwa nzima afundishwe kuinama. Akalichukua panga langu, akapitisha kidole kwenye makali, akasema, "Mzee, hili limekata wiki nzima. Je, limejinoa?" Swali kama hilo mtu huulizwa na rika lake, si kijana ambaye mwiba wa mkonge haujawahi kumchoma. Akaendelea kunieleza kwamba ukishapita sitini misuli huondoka bila kuaga, na kazi ya upande mmoja huichosha ile iliyobaki. Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo nikikata, na limenipunguzia mwendo.

Kwa hayo yote naomba Festus aondolewe. Ikishindikana, apewe Ngui, ambaye hajauona mkanda wake kwa miaka mingi. Na hilo nalo likishindikana, basi Festus apewe panga anikatie ile mistari niliyoongezewa kwa ajili yake, nami nikae kivulini nikimwambia, "Moja tu ya mwisho," neno analoniambia kila mara na halijawahi kuwa kweli. Tena kama kuchoka ni kitu cha kununuliwa, waambie wenye vitambi wote wa huko Mwingi waje Mwatate. Tuna mkonge wa kuwatosha wote, na sisi wazee tutakuwa makocha wao tukiwa tumekaa.

Msalimie mama yako Syokau, mume wako Titus, Shanice mwenyewe, na wale majirani wawili walionishika mikono siku ile ya kigoda.

Ni mimi baba yako, mwenye maumivu mapya juu ya yale ya zamani,
Muinde Ndambuki

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii Margaret alinipa kigoda tukawa tunaongea. Akaniomba mtungi wa maji, nikainuka nikaenda. Nilikuwa nimeshafika bombani ndipo nikakumbuka kwamba sikushika ukuta wala mtu. Kwa hivyo Festus asiondolewe kabla ya Desemba. Mwambie aongeze siku moja kwa wiki, ila aje Ngui akiwa ameshaenda kwake. Na Shanice mwambie asikue sana kabla sijafika.