Ugonjwa Wagatuliwa Hombolo

Kitengo cha Uhamishaji wa Huduma kiliwatangazia wananchi wote kwamba kuanzia sasa ugonjwa umegatuliwa. Mgonjwa hatangoja kupona hospitalini. Atapona mikononi mwa jamii. Vitanda vikabaki wazi mpaka waandishi wa habari wakavipiga picha, na mkuu wa kitengo, Sostenes, akasimama kando ya kimoja akitabasamu kwa niaba ya mgonjwa.

Ilibaki tathmini tu. Sostenes hakutaka kutuma mtu. Alipanda gari la ofisi hadi Hombolo kwa Mzee Yotham, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi na kuruhusiwa kabla hajaweza hata kukaa. Njiani alimweleza dereva kuwa wanakwenda kuiona jamii ikiwa kazini.

Jamii ilikuwa mwanamke mmoja. Emiliana, mkwe wa mzee, ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani asipate vidonda, huku zabibu zake shambani zikiliwa na ndege kwa kukosa mchumaji. Alipoliona gari, akanyoosha mgongo.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye jamii?"

"Marahaba. Hapana, mimi ni mtathmini wa..."

"Hospitali walisema jamii itakuja kunisaidia. Nimewangoja mpaka nikakata tamaa." Tayari alikuwa amemshikisha beseni. "Mwogeshe, mgeuze ubavu wa kushoto. Uji uko jikoni."

Sostenes alitaka kufafanua muundo wa utekelezaji, lakini beseni lilikuwa limejaa pomoni, na aliyebeba maji hana mkono wa kufafanulia. Huko nje Emiliana aliongea na dereva maneno mawili matatu, na gari la ofisi likaondoka kuelekea shambani limebeba makreti.

"Shikamoo mzee," Sostenes akasema.

"Marahaba." Sauti ilitokea pembeni mwa mdomo. "Anza na mguu, mwanangu. Kichwa ni kizima."

Mguu usiojisaidia, kumbe, ni mzito kama gogo. Sostenes akainua, akahema, akampigia simu msaidizi wake.

"Gladness, niletee muuguzi Hombolo. Sasa hivi."

"Mgonjwa yuko peke yake, bosi?"

"Nipo mimi."

Gladness akapekua karatasi. "Basi mwongozo unasema akiwepo mtu mzima mmoja mwenye mikono miwili, jamii imetimia. Muuguzi haendi."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe, bosi. Na hongera, hii ndiyo kaya yetu ya kwanza kufaulu."

Sostenes akavua tai. Akaogesha, akabadilisha shuka, akanywesha uji kijiko kwa kijiko. Alipomaliza, Mzee Yotham alimshika kidole kwa mkono wake mzima, asikiachie, na mtathmini hakujua hilo linaingia kwenye kipengele gani.

Jua likizama Emiliana akarudi, makreti yamejaa, uso umekunjuka. Akamtazama mzee, safi na mkavu, kisha akamtazama Sostenes aliyekaa sakafuni.

"Kesho unakuja saa ngapi, baba?"

Sostenes akakohoa, akaanza kueleza kwamba jambo hilo lingehitaji kwanza kikao cha wadau.

"Saa moja asubuhi," Mzee Yotham akasema kutoka kitandani. "Mimi uji nakunywa mapema."