Hoho za Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe amekataa uji. Supu pia. Mke wangu ametoka chumbani kwake na bakuli limejaa vilevile, macho mekundu. Daktari amesema mgonjwa apewe chochote anachotaka, na sote tumeelewa maana yake. Anataka pilipili hoho za kuchoma, zilizomenywa, laini, zisizosumbua fizi.

Nafasi ndiyo hii! Tangu nimwoe binti yake, mama huyu ananiita "huyu". Huyu amekula? Huyu bado amelala? Mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu juzijuzi tu, anaitwa "mwanangu". Inaniuma. Sitaki urithi. Nataka aniite mwanangu walau mara moja kabla hajaondoka.

Jumanne, 5 Machi
Nimemtangulia Mwanyumba jikoni. Hoho juu ya moto wa gesi, nazigeuza kwa vidole. Zilipokuwa nyeusi nikaanza kumenya palepale. Balaa! Ganda limeng'ang'ania, nyama imetoka nalo, na vidole vyangu vimebabuka kuliko hoho zenyewe. Sahanini yamebaki matambara yenye masizi. Mke wangu amempelekea. Mimi mkwe, chumbani siingii.

Mwanyumba akaja anapiga mluzi. Kachoma zake taratibu, kazitia kwenye bakuli, kafunika kwa sahani, kakaa kusoma gazeti. Gazeti! Mgonjwa anasubiri! Alipofunua, maganda yakavuka kama soksi. Akanieleza kwa upole kwamba anayemenya ni mvuke, si vidole. Nilitamani kumfunika yeye.

Jioni mke wangu alitaka kuniambia jambo kuhusu sahani yangu. Nikamwambia sihitaji kuhurumiwa.

Jumatano, 6 Machi
Leo nami nimefunika. Lakini utajuaje kama zimeiva bila kufunua? Nikafunua. Nikafunua tena. Mvuke wote umeishia darini. Nikazirudisha motoni kwa hasira, moshi ukatanda nyumba nzima, baba mkwe akaja mbio na ndoo ya maji. Alinimwagia mimi kwanza, jiko baadaye. Akauliza huyu anataka kutumaliza sote? Kumbe na yeye!

Makaa matupu yamekwenda chumbani. Mke wangu amesema nisikilize, mama amesema kitu. Nimejifunika shuka mpaka kichwani.

Alhamisi, 7 Machi
Liwalo na liwe. Mwanyumba alipokwenda kuoga aliacha hoho zake zimekwisha menywa, zinang'aa. Nikabadilisha. Zake kwenye sahani yangu ya maua, zangu, zilizoungua tena leo, kwenye sahani yake ya buluu.

Nikasimama nyuma ya mlango. Sahani ya maua imerudi imejaa, imemegwa kidogo tu pembeni. Ya buluu imerudi tupu! Nikasikia sauti yake, nyembamba sana, ikisema mwambieni mwanangu amepatia. Mwanyumba alikuwa ukumbini. Alitabasamu, kisha akaitazama sahani yake kwa muda mrefu.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mkwe amefariki alfajiri.

Mke wangu amenieleza akilia begani kwangu. Tangu Jumanne mama alikuwa anazimaliza za kwangu, na za Mwanyumba anazionja kwa adabu tu. Alisema zangu zina ladha ya jivu, kama alizochomewa na mama yake alipokuwa mdogo. Alisema huyu kumbe ni mwanangu. Alisema hivyo Jumatano, na jana alizisubiri tangu asubuhi. Alipoonja sahani ya maua akasema huyu naye ameanza kujifunza, basi tena.

Nimelia mpaka kwikwi. Mwanyumba amelia pia, kwa baraka aliyopewa. Hajawahi kuunguza hoho maisha yake. Sikumwambia kitu.

Jumapili, 10 Machi
Tumezika jana. Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Ni la Mwanyumba. Mtu makini haachi chakula chake jikoni akaenda kuoga. Angekaa na sahani yake, leo ningekuwa mwana wa watu.

Baba mkwe amekataa chai. Amekataa na mkate. Amesema labda yai, lakini liwe laini sana. Yai la kwangu limepasukia majini. La Mwanyumba liko motoni, limefunikwa vizuri, na mwenyewe ametoka kutafuta gazeti.