Malalamiko Dhidi ya Swala Wasiokimbia

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Wanyamapori,
Mlango wa tatu baada ya masijala.

Mheshimiwa Mkuu,

KUH: SWALA WENU KUKATAA KUKIMBIA, NA AIBU ILIYOUPATA UKOO WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na feni inazunguka. Mimi ni mshona mapazia hapa mjini. Hayo ya kijani yaliyo nyuma ya kiti chako niliyashona mimi, kwa hiyo sisi si wageni kabisa. Leo lakini nakuandikia kama mwana wa wawindaji, na nina uchungu.

Babu yangu aliwinda kwa mkuki na mbwa wawili. Baba yangu, ambaye watu wa rika lake wanamwita Mzee Mshale, aliwinda kwa upinde miaka arobaini. Mimi nimewinda kwa fomu. Ndiyo maendeleo.

Nyumbani kwetu ini la windo huliwa na mwindaji na wanaume wazima wa nyumba. Wanawake na watoto hawaligusi. Baba sasa ana miaka themanini na minne na hatoki kitandani. Mwezi uliopita alisema anataka kula ini la mnyama aliyeuawa kwa mkono wangu kabla hajafumba macho, na nisipolileta, upinde wake utazikwa naye, maana hawezi kumwachia fundi cherehani. Alisema hayo mbele ya mke wangu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, Mheshimiwa, wala sioni haya kukuambia.

Kwa kuwa mimi ni raia mwema, nilikuja ofisini kwako kuomba kibali. Yaliyonipata ni haya:

1. Fomu. Babu alipotaka kuwinda aliinua pua akaunusa upepo. Mimi niliinua pua nikaambiwa nipange foleni. Fomu yenu ina kurasa saba na inajazwa nakala tatu. Swali la tisa linauliza mnyama nitakayemuua ana umri gani. Nilijibu kwamba bado hatujaonana. Karani wako, yule mama wa miwani, akanirudishia akisema utani haupokelewi dirishani kwake, nami nikaandika miaka miwili na nusu. Swali la kumi na nne linauliza kama mnyama huyo amewahi kuwindwa. Nikaandika: kama amewahi, hakufa. Hilo alilipokea, akagonga muhuri.

2. Askari. Nilipewa askari wa kunisindikiza, aliyevaa fulana ya njano inayong'aa ili nisimpoteze porini. Sikumpoteza, wala hakuna mnyama ambaye hakumwona. Baba alikuwa haogi siku tatu kabla ya kwenda kuwinda, wanyama wasije wakamnusa. Askari wako alikuwa amejipulizia manukato ya kuendea harusini, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Simu yake ililia mara nne. Mara ya nne alikuwa mkwewe, ikabidi tukae chini ya mti mpaka wamalize kujuliana hali na kuulizana habari za mtoto mmoja mmoja.

3. Swala mwenyewe. Hapa ndipo penye kidonda. Tulimkuta amesimama karibu na barabara, anatafuna. Nilijilaza, nikanyata kwa tumbo kama nilivyosimuliwa tangu utoto, suruali ikachanika goti, suruali niliyoishona mwenyewe. Nilipoinua macho nikaona swala naye anakuja kunipokea. Akaninusa mifuko yote miwili. Askari akanieleza kwamba wageni wenye magari huwapa biskuti, hivyo nisimlaumu, ndivyo alivyolelewa. Nikavuta upinde. Swala akaulamba mshale.

Mheshimiwa, hebu niambie wewe mwenye elimu: unampigaje mtu, yaani mnyama, anayelamba mshale wako? Nilipiga makofi. Nilipiga kelele. Nilimtupia kiatu ili akimbie hatua kumi tu, kwa kunistahi. Akakinusa kiatu, akaonekana kusikitika. Zamani, kwa mujibu wa baba, swala alikuwa anakimbia kabla hujamaliza kumfikiria. Hawa wenu wamelelewa vibaya, na ofisi yako ndiyo mzazi.

4. Shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ni kinyozi, yeye anawinda kwa kamera. Alikwenda Jumapili moja akarudi na swala mia tatu, wote hai, na mtaa mzima unamsifu. Alipomwonyesha baba zile picha, baba akauliza ini liko wapi. Shemeji akaikuza picha kwa vidole viwili, akamwonyesha ubavuni mahali linapokaa. Naomba ofisi itamke wazi kama huo nao ni uwindaji.

5. Mbwa wetu ni kitukuu wa mbwa wa babu, na anamkimbia paka wa jirani. Hili si kosa lako, ila nimelitaja kwa kuwa nimeshaanza kulalamika.

Basi nilirudi nyumbani mikono mitupu, na mkono mtupu haulambwi. Baba aligeukia ukuta. Tangu siku ile haniiti kwa jina, ananiita "wewe wa mapazia".

Kwa hiyo naomba ofisi yako ianzishe darasa la kuwafundisha swala woga. Kama hakuna mwalimu, mpelekeni karani wa fomu. Mimi nilimkimbia, nao watamkimbia. Kama darasa haliwezekani, nipewe swala mmoja mzee aliyechoka kuishi, awe amekubali kwa maandishi, nakala tatu. Na hilo likishindikana, niandikiwe hati yenye muhuri kwamba swala yule angekimbia, ningempata. Baba hajui kusoma, lakini muhuri anauheshimu.

Wanaume wa zamani walitoka alfajiri na upinde wakarudi na nyama. Sisi tunatoka na kalamu tunarudi na nakala. Uwindaji umekufa mikononi mwenu, Mheshimiwa, na hamkutumia hata mshale mmoja.

Nisalimie karani, askari pamoja na mkwewe, wafagizi wote wa ofisi, na swala yule mkionana. Hapa kwetu wote hawajambo, isipokuwa mimi na baba.

Ni mimi, kwa heshima zote na goti lililochubuka,

Mshona Mapazia, mwana wa Mzee Mshale.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nilimsomea baba barua hii, ajue kwamba ninampigania. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nilipofika pale pa wanaume wa zamani kutoka alfajiri, alicheka mpaka ungo ukamponyoka, maharage yakaingia chini ya kitanda. Akasema, "Muulize baba yako vitanzi alitega nani."

Mheshimiwa, alitega mama. Miaka yote arobaini alitega vitanzi pembeni mwa shamba, jioni akienda kuchota maji. Baba alikuwa anaondoka na upinde, anatafuta kichaka chenye kivuli na kulala usingizi wake. Akiamka anapitia vitanzini, anamchoma mnyama mshale mmoja kwa ajili ya majirani, kisha anamleta begani. Mama anasema baba hajapata kulenga kitu kinachotembea akakipata. Kwa hiyo swala hawajabadilika. Hata wa baba walikuwa wamesimama wanamsubiri. Naondoa malalamiko yote matano. Barua naituma kwa sababu stempu nimeshabandika.

Baba aliugeukia ukuta. Kisha akasema, "Na ini nikala mimi."

Nikamuuliza mama ini la windo lina ladha gani. Akasema atajuaje yeye. Nikaenda buchani nikaleta ini la mbuzi zima. Mama akalikaanga, akalila lote peke yake, baba na mimi tukimtazama. Alipomaliza akafuta mdomo, akasema kumbe ni ini tu.