Solenoidi ya Mzee Farjallah

Mambrui. Jumatatu, 3 Machi 1986
Korosho zimekwisha. Mzee Farjallah, tajiri wetu, amesema mwisho wa wiki kibarua mmoja ataondoka: mimi Kioko, au Thoya. Thoya kwao ni Ganze, na ana nguvu kunishinda. Mimi kwetu ni Kitui, na huko hakuna kitu. Lazima nitumie akili.

Leo Mungu kanikumbuka. Pikapu ya tajiri imekataa kuwaka. Taa kali, honi kali, lakini ukizungusha ufunguo, tak, basi. Niliwahi kumbebea fundi spana, naijua hiyo. Juu ya stata, mota ya kuwashia injini, kuna kikopo kinaitwa solenoidi. Ufunguo ukikipa umeme kidogo kinageuka sumaku, kinavuta chuma ndani, na chuma hicho kinaunganisha waya mnene wa betri ili stata izunguke. Shaba za ndani zikiungua, kinavuta lakini umeme haupiti. Ukikigonga, zinashika kwa muda.

Nikajifunika gunia mtu asione, nikamwambia Thoya azungushe ufunguo, nikagonga. Ikawaka. Thoya akauliza nimefanya nini. Nikasema gari hili linanisikia mimi tu.

Jumatano, 5 Machi
Imekataa mara tatu, nimeitwa mara tatu. Sasa nataja majina ya mbuzi wa marehemu baba kwa Kikamba, kwa sauti, ili spana isisikike. Bi Zeina, mke wa tajiri, kaniletea mahamri na mbaazi. Nashukuru sana. Thoya anasema nafunikwa kama bibi harusi. Acha acheke. Atamalizia kicheko Ganze.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mzee katoka msikitini, kaniita barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Kasema amesikia naliwasha gari kwa uganga wa Ukambani. Yeye hapandi chombo kinachoendeshwa na majini, wala mkewe. Nifunge nguo zangu.

Nikaeleza yote, hata mbuzi. Hakuamini. Aliyeniokoa ni Thoya. Kainama kwenye injini bila gunia, kagonga nilipomwonyesha, mzee mwenyewe kazungusha ufunguo, ikawaka. Thoya akasema, mzee, kama huu ni uganga, basi na mimi Mgiriama nimekuwa Mkamba leo. Mzee akacheka hadi kofia ikamwanguka.

Fundi Dzombo kaja kutoka Malindi, katia solenoidi mpya. Inawaka mara moja.

Jumamosi, 8 Machi
Haondoki mtu. Bi Zeina kamwambia mumewe kwamba nyanya zinahitaji watu wawili hadi mvua. Mzee kakubali, ila nisimfiche tena ubovu wa chombo chake. Nimeapa. Nimemshukuru yeye, nimemshukuru Bi Zeina, Thoya nimemshukuru hadi akachoka.

Jioni, kisimani, nimeona mkanda wa pampu ya kumwagilia nyanya umeanza kupasuka upande wa ndani, mahali asipotazama mtu. Sijamwambia yeyote. Mvua ikianza, mzee huenda akapunguza watu tena.